Kiti cha Sita cha Vyerehani

Kwa miaka minne Maxine Okerlund alikuwa akidai kitu kimoja tu, na kwa miaka minne walikuwa wakimwandikia kitu hicho kwenye ubao mweupe, wanakipigia mstari, halafu wanampa pizza. Pizza yenyewe imepoa. Kamati ya watumiaji ilikutana kila mwezi katika chumba cha nyuma cha Vyerehani, na kila mwezi mkurugenzi aliuliza, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto anywe uji, "Enhe, jamani, mngependa tuboreshe nini?" Maxine anajibu, "Chumba cha wavutaji." Mkurugenzi anaandika: CHUMBA CHA WAVUTAJI. Mwezi ukifuata ubao umeshafutwa, swali ni lilelile, na pizza ni ileile.

Vyerehani ilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyejisumbua kulikariri. Zamani palikuwa duka la vyerehani, na bango lake lilikuwa bado linaning'inia juu ya mlango, basi mateja wa Port Hallam wakapaita hivyo na hivyo ikawa. Ndani mlikuwa na viti sita, kila kimoja na meza yake ya chuma na kioo chake ukutani. Unakuja na unga wako mwenyewe, unajidunga mbele ya nesi, ukizima anakuzindua. Tangu mlango ule ufunguliwe hakuna mtu aliyefia mle. Hata mmoja. Maxine alikuwa mlalamishi tangu tumboni mwa mama yake, lakini hilo hakulibishia.

Tatizo ni kwamba watu walikuwa wanaiacha sindano na kuuvuta unga. Wengine mishipa iliwaishia, Maxine akiwa mmojawao. Wengine walianzia kwenye kuvuta na hawajawahi kushika bomba la sindano maishani. Na kuvuta ndani ya Vyerehani kulikuwa marufuku. Kisa nini? Njia ya kutolea moshi! Eti bomba linalofaa ni ghali, eti kibali bado, eti mhandisi aje kwanza apime ukuta. Basi wavutaji walivutia uchochoroni nyuma ya benki, mvuani, kila mtu na kona yake, na huko ndiko walikofia. Ndani viti vitatu vinne vinakaa tupu mchana kutwa. Halafu anatokea bwana mmoja anaandika kwenye gazeti la mji: mnaona, hata wenyewe hawaitaki nyumba hiyo.

"Hawaitaki!" Maxine aliisoma habari ile kwa sauti pale mlangoni mpaka mate yakamruka. "Unamnyima mtu kijiko, halafu unasema hapendi supu!"

"Nirudishie gazeti langu kabla hujalilowesha," alisema Clem.

Huyo ni Clem Thibert. Alikuwa dereva wa malori ya magogo kabla mgongo haujamharibikia, na sasa kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na daftari. Mle haulizwi mtu jina la kweli. Unampa Clem jina la mlangoni, lolote lile unalotaka, analiandika, unaingia. Maxine alikuwa Malkia wa Uswidi. Alikuwapo Bata Mzinga, alikuwapo Askofu, alikuwapo mama mmoja aliyeandikwa Daktari wa Meno kwa sababu alikuwa hana jino hata moja.

Ukitaka kujua watu wa Port Hallam waliionaje nyumba ile, usingeyapata hayo kwenye ripoti. Ungekaa na Clem asubuhi moja ukasikia.

"Hii ni chekechea," angesema Askofu, mzee mwembamba aliyezoea kutunga sheria zake mwenyewe. "Nawa mikono. Kaa hapa. Usiongee na mwenzio. Usimgawie. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na nne kwa mambo hayahaya."

"Na polisi je?" angedakia Bata Mzinga. "Wanazunguka hapo nje na gari lao kama wamepoteza kitu. Nikitoka nje nina unga mfukoni, nani atanitetea? Nesi?"

"Lakini unakuja," angesema Clem.

"Nakuja kwa sababu ya kahawa."

"Kahawa yenyewe maji ya mtaro."

"Sasa wewe Clem," mtu angemgeukia, "mbona hatujawahi kukuona umekaa kwenye kiti?"

"Mimi niko kazini."

"Na siku yako ya mapumziko?"

"Siku ya mapumziko nataka kukiona kiti cha kazini cha nini?"

Wanacheka, wanaitukana nyumba, wanaingia. Na ole wako wewe mtu wa nje uitukane mbele yao.

Halafu alikuwapo Ardith Pelkey, ambaye hakucheka na mtu pale mlangoni. Ardith aliendesha basi la shule miaka kumi na saba. Hakuna mtu wa chini ya miaka thelathini mjini Port Hallam ambaye Ardith hakuwahi kumwambia akae kitako na afunge mdomo. Sasa walipokutana naye njiani walimsalimia kwa sauti ya chini, kama wako matangani, na yeye salamu zile zilimuua kuliko matusi. Kwa hiyo alijificha. Alijidungia kwenye choo cha dobi la mashine lililo kona ya barabara, komeo limefungwa, bomba la maji limefunguliwa ili asisikike. Mara mbili alikutwa sakafuni amekuwa wa bluu, na mara zote mbili ilikuwa bahati tu, kwamba mtu fulani alibanwa na haja akagonga sana.

Yeye na Maxine walipanga katika hoteli moja chakavu, vyumba vyao vinatazamana, wamejuana miaka tisa. Maxine alitumia mwaka mzima kumbembeleza. Mwaka mzima! Maxine ambaye hakuwahi kumbembeleza hata mume.

"Mlango uko barabara kuu," Ardith alikuwa akisema. "Nimewabeba watoto wa watu wote wale."

"Njoo saa nne asubuhi. Watoto wako darasani, wazazi wako kazini. Nani atakuona, njiwa?"

"Na kile kioo?"

"Kioo ni cha nesi, aone uso wako."

"Na mimi je? Mimi nikifanya vile nijitazame?"

Swali hilo Maxine alilibeba mpaka Vyerehani. Akamwendea Leonora Abrenica, nesi wa zamu ya asubuhi, Mfilipino mfupi asiyepandisha sauti hata moto ukiwaka. Walivutana wiki tatu. Kanuni inasema kioo. Kanuni ilale na mama yake. Kanuni inasema lazima nimwone. Basi mwongeleshe, utamsikia! Mwisho wa yote Leonora akatundika taulo la kijani juu ya kioo cha kiti cha sita, kile cha mwisho kando ya ukuta, kwa sharti moja: Ardith aongee naye bila kunyamaza tangu anapokaa hadi anapoinuka.

Tangu siku ile, kila siku saa nne kamili, Ardith alifika. Clem aliandika "Jumanne", kwa kuwa mara ya kwanza alikuja Jumanne. Kiti cha sita. Alimsimulia Leonora habari za mvua, za mkate wa ndizi, za mtoto aliyewahi kutapika kwenye kofia ya mwenzake ndani ya basi. Akimaliza anakaa kidogo, anaondoka. Miezi saba. Ndani ya miezi hiyo alizima mara mbili katikati ya sentensi, na mara mbili Leonora alimrudisha. Maxine alikuwa akisema hadharani, bila haya, kwamba katika miaka yake hamsini na sita hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya ikakaa sawa.

Basi mwezi wa nne ikaja barua. Mkoa utamtuma mkaguzi. Atakaa wiki moja, atahesabu wanaoingia, na ikiwa hawafiki sitini kwa siku, Vyerehani itafungwa mwisho wa mwezi wa sita. Wakati huo ilikuwa inapata thelathini na kitu. Mkurugenzi aliisoma barua mbele ya kamati huku masikio yamemwiva mekundu.

"Sitini!" Maxine alisimama. "Wavutaji mji huu ni mia tatu. Tujengeeni chumba, nitawaletea sitini kabla ya chai!"

"Nakuelewa, Maxine."

"Hunielewi. Kama ungenielewa usingekuwa na kalamu ya ubao mkononi."

Alitoka akakaa na Clem mlangoni, amekunja ndita. Akalitazama daftari. Askofu, Bata Mzinga, Daktari wa Meno. Majina tu. Kila jina, mtu mmoja. Au siyo?

"Clem," alisema, "mtu akija asubuhi akajiita Askofu, akija mchana akajiita Papa, hao ni wangapi?"

Clem alifunua ukurasa mpya. "Wawili," alisema.

"Na mtu akiingia, akakaa, akabadili nia, akatoka bila kujidunga?"

"Hakuna sheria ya kumlazimisha."

"Basi."

Ndivyo jambo lilivyoanza, na tusimsingizie mtu mwingine: lilikuwa lake peke yake. Maxine alizunguka uchochoro mzima na kila chumba cha hoteli. Aliwatukana, aliwasihi, aliwaahidi sigara. Jumatatu ya hesabu wavutaji walikuja wamejipanga foleni kama siku ya hundi ya serikali, watu ambao hawakuwahi kukanyaga mle. Waliketi kwenye viti dakika ishirini, mikono magotini, wakijitazama kwenye vioo, halafu wakatoka, wakazunguka jengo, wakarudi na majina mapya. Clem aliandika Kaisari, akaandika Mjane Tajiri, akaandika Bata Mzinga wa Pili. Mkaguzi, bwana wa makamo mwenye koti la mvua la rangi ya haradali, alisimama pembeni na kijimashine chake cha kuhesabia kidoleni. Tik. Tik. Tik.

"Maxine," Leonora alinong'ona, "hawa watu hawajidungi."

"Wameingiwa na woga. Kuna kanuni inayomkataza mtu woga?"

"Viti ni sita tu."

"Ndiyo, na vyote vimejaa! Lini uliviona vimejaa?"

Leonora alimwacha hapo. Alikwenda kupima mapigo ya mtu mmoja ambaye kweli alikuwa amejidunga.

Jumatatu sitini na nne. Jumanne sabini na mbili. Jumatano sabini na tisa. Kila siku inapokaribia saa nne, Maxine mwenyewe alikwenda kumfukuza aliyekikalia kiti cha sita. "Wewe, inuka, yatosha, nenda kanye huko," na Ardith anapofika anakikuta wazi, taulo mahali pake. Siku hizo tatu mambo yalikwenda vizuri mno, na Maxine alitembea na kifua mbele. Alimwambia Clem kwamba wangempa nchi wiki mbili tu, angeinyoosha.

Alhamisi mvua ilimwagika tangu alfajiri na wavutaji wengi hawakutoka. Ilipofika saa tatu na nusu viti viwili vilikuwa tupu na mkaguzi alikuwa anapiga miayo. Maxine akatoka nje mvuani. Akawavuta watu wawili wa mwisho kwa ukosi wa koti, akawakalisha kimoja na kimoja. Kisha Bata Mzinga akainuka kwenye kiti cha sita akasema inatosha, matako yamekufa ganzi, akaenda zake. Kiti tupu. Mkaguzi anakitazama. Maxine akajikalisha mwenyewe, Malkia wa Uswidi, dakika kumi tu.

"Saa nne inakaribia," Leonora alimwambia alipopita.

"Najua. Natoka sasa hivi."

Hapo ndipo mkaguzi alipomjia na karatasi zake. Alikuwa na dodoso la kuwauliza watumiaji, na siku tatu nzima kila aliyemsogelea alijifanya kiziwi.

"Samahani, mama. Kwa kipimo cha moja mpaka tano, unaionaje huduma hii?"

"Tano kwa nesi," alisema Maxine. "Moja kwa bomba."

Bwana yule aliinua kichwa. "Bomba gani?"

Bomba gani! Miaka minne, wakurugenzi wawili, pizza arobaini na kitu, na hakuna binadamu aliyewahi kumwuliza Maxine Okerlund "bomba gani". Alimshika bwana yule mkono wa koti akamwambia avute kiti. Alimweleza bomba. Alimweleza uchochoro. Alimtajia majina ya kweli, siyo ya mlangoni, ya watu kumi na tisa waliofia nyuma ya benki, na mwaka wa kila mmoja, na nani aliyemkuta. Bwana yule aliandika. Aliandika kweli, kwenye karatasi ambayo haifutiki. Aliuliza bomba lingekuwa la upana gani, na Maxine aliinuka nusu, akapanua mikono, akamwonyesha dirisha ambalo lingetobolewa, mlango ambao ungezibwa, feni ingekaa wapi. Uso ulimwaka. Alikuwa na furaha, jamani, tuseme kweli, alikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya miaka ile minne.

Alipotazama saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini na nane.

Alikurupuka mpaka mlangoni. "Jumanne kaja?"

Clem hakumtazama usoni. "Alikuja."

"Yuko wapi?"

"Nilimwambia dakika mbili. Nilijua utainuka. Nisingeweza kumwinua mtu mbele ya mkaguzi, Maxine, ningemwambiaje, wewe ni wa bandia toka? Alisimama hapo kwenye kioo cha mlango. Aliniambia, 'Naumwa, Clem.' Robo saa nzima alisimama. Halafu basi la shule likapita na watoto wa safari, akageuza uso, akaenda."

Maxine hakungoja koti. Alikimbia na ndala za ndani, maji yakimrukia mpaka magotini, mapafu yake ya mvutaji yakipiga filimbi. Kwenye dobi mashine zilikuwa zinazunguka, mlango wa choo umekomewa, bomba la maji linatiririka ndani. Aligonga. Alipiga mateke. Alimfokea mama mwenye dobi kuhusu ufunguo, na mama yule, Mgiriki mzito anayeitwa Bi Stavroula, akasema ufunguo gani, komeo ni la ndani, kisha yeye mwenyewe akaupiga mlango kwa bega lake mara moja tu na komeo likang'oka.

Ardith alikuwa amekaa sakafuni ameegemea sinki, kidevu kifuani, midomo ina rangi ya wino. Maxine alimlaza. Dawa ya puani ya kuzindulia, aliyotembea nayo daima, tundu moja. Akampulizia pumzi. Akahesabu kwa sauti, akapulizia. Kimya. Dawa ya pili, tundu la pili. "Usithubutu," alikuwa akisema kila alipoinua kichwa, "usithubutu, mjinga wewe, usithubutu." Bi Stavroula alishikilia simu na kulia kwa Kigiriki. Gari la wagonjwa lilipofika, Ardith alikuwa amevuta pumzi moja yake mwenyewe, kisha, baada ya muda ambao Maxine asingependa kuuzungumzia, ya pili.

Siku iliyofuata alikuwa kitandani hospitali, sauti imekwaruza. Maxine alikuja na donati kwenye mfuko, akashindwa kuzitoa.

"Nilikuona," Ardith alisema.

"Sikukuona wewe."

"Hukuniona, hapana. Ulikuwa unapunga mikono." Alikohoa. "Nikasema moyoni, mwache amalize, leo amepata mtu wa kumsikiliza. Nikangoja. Kisha nikashindwa, arosto ya unga ilikuwa inanitafuna mifupa na watoto wanapita."

"Nitamwambia Leonora akiweke kiti kile chako tu, kisikaliwe na mtu. Nitakilinda mimi."

"Sirudi kule, Maxine."

"Ardith—"

"Wewe ndiye uliyekuwa umekikalia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyotaja kituo cha basi. "Angekuwa mtu mwingine ningerudi."

Maxine alitoka akasimama kwenye maegesho ya magari, akazitupa donati zile kwenye pipa, moja moja, kwa nguvu.

Na nambari, bwana, nambari zilitoka nzuri! Wastani wa sabini na moja. Mkurugenzi alilia kwenye kamati. Vyerehani ilipewa mwaka mwingine, na ripoti ikasema kwamba katika wiki ya hesabu hakuna mtu aliyezidisha dozi akafa wala kupelekwa hospitali kutoka katika kituo. Kutoka katika kituo. Maxine alilirudia neno hilo mara tatu. Dobi liko hatua mia mbili kutoka kituoni.

Na si hayo tu. Mkaguzi wa koti la haradali hakuwa mtu mbaya: alilikumbuka bomba. Aliliandika ukurasa mzima. Kikao cha mkoa kitakaa katika ukumbi wa mji Jumanne ya tarehe kumi na mbili kujadili chumba cha wavutaji, na mwakilishi wa watumiaji anaombwa aje kuzungumza dakika kumi. Mkurugenzi alimkabidhi Maxine barua kwa mikono miwili, kama cheti cha ndoa.

Saa nne asubuhi.

Maxine alipiga simu kuomba wasogeze. Hawasogezi, wajumbe wanatoka mbali. Alimwomba Clem aende badala yake, na Clem akasema, "Mimi nikisimama mbele ya watu wenye tai ninasahau hata jina la mlangoni." Askofu angeenda, lakini Askofu angewatukana dakika zote kumi.

Maana mambo yalikuwa hivi. Ardith alirudi kwenye choo cha dobi, komeo jipya limeshawekwa, siku ya pili tu baada ya kutoka hospitali. Maxine alimfuata. Akachukua kiti cha plastiki akaketi nje ya mlango, dawa ya puani mfukoni, akagonga.

"Ondoka," ilisema sauti ya ndani.

"Siondoki."

"Utasimama hapo kufanya nini?"

"Nimekaa. Nitagonga kila dakika. Usipojibu naingia, na unajua Bi Stavroula ana bega la namna gani."

"Unanitia aibu."

"Nzuri. Jibu nikigonga."

Bi Stavroula hakutaka kujua lolote, ila alisema dobi lake ni la wenye nguo, siyo stesheni. Basi Maxine akaja kila siku na taulo moja, lilelile, akalitia kwenye mashine, akaketi. Anagonga. "Nipo." Anagonga. "Nipo, Maxine." Anagonga. "Nipo, mwanaharamu wewe." Kila siku saa nne, kwa sababu Ardith alikuwa mtu wa ratiba, basi halimngojei mtu, na yeye alikuwa bado na saa ya basi mwilini.

Angemweleza habari ya kikao, Ardith angemwambia nenda. Angesema nenda, bila kusita, na angeingia chooni peke yake akafungua maji. Maxine alilijua hilo kama anavyojua njia ya chumbani kwake. Kwa hiyo hakumwambia. Jumatatu alivaa na kuvua koti lake la heshima mara mbili mbele ya kitanda. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine. Jumanne alichukua taulo lake akaenda dobi.

Wiki moja baadaye, saa nne na dakika chache, aliketi pale kama kawaida, amegonga mara mbili na kujibiwa mara mbili, Clem alipoingia anachechemea, mvua inamtiririka, karatasi mkononi.

"Muhtasari wa kikao umetoka," alisema. "Wamekuandika."

"Wameniandika nini?"

Clem alivaa miwani. "'Ajenda ya tatu. Chumba cha wavutaji. Mwakilishi wa watumiaji alialikwa lakini hakuhudhuria.'" Alifuta tone la mvua kwenye karatasi. "'Kikao kimeona kuwa haja si kubwa miongoni mwa watumiaji wenyewe. Ajenda imefungwa.'"

"Soma tena."

Alisoma tena.

Loo! Maxine aliinuka kiti kikapinduka nyuma yake. Haja si kubwa! Watu kumi na tisa nyuma ya benki, haja si kubwa! Yeye miaka minne anakula pizza ya baridi kama mbwa, miaka minne anaongea mpaka ulimi unaota sugu, kisha siku moja, siku moja tu hakuonekana, basi haja si kubwa? Walimtuma nani aje amwulize yuko wapi? Nani alipiga simu? Wao wanajua saa nne asubuhi ni saa ya nini? Aliinyakua karatasi akaitikisa usoni pa Clem kana kwamba Clem ndiye mkoa, akamwambia atakwenda huko huko mkoani, atawakalia mlangoni, atawachapia majina yote kumi na tisa kwenye paji la uso. Clem alirudi nyuma mpaka akagonga mashine ya kukaushia. Bi Stavroula aliacha kukunja mashuka. Maxine alikuwa ameanza kuonyesha upana wa bomba kwa mikono.

"Maxine!" iliita sauti nyuma ya mlango.

Mikono ilibaki hewani.

"Dakika tatu zimepita," Ardith alisema kule ndani, taratibu. "Umesahau kugonga."